Mama ana kisukari na tupo Chennai: tuendelee kula kwenye kile kihoteli cha idli na wali wa jani la mgomba?

"Shikamoo mtaalamu. Nipo Chennai na mama yangu, ana miaka 63 na kisukari anacho mwaka wa 11 sasa, tumekuja kwa ajili ya macho, anatakiwa oparesheni ya retina ila daktari kasema sukari ishuke kwanza, tunarudi kumuona Alhamisi. Jirani na loji yetu kuna kihoteli kidogo cha meza sita, familia ya watu wa Karaikudi, wenyewe wanaita mess, nyama hawapiki kabisa kwa hiyo wasiwasi wa halali hatuna na mama anapapenda kupita maelezo. Asubuhi idli, vile vikeki vyeupe vya mchele vya mvuke, au vile vinavyofanana na vitumbua, mchana wali kwenye jani la mgomba. Hapa loji kuna mtu alituambia idli imechachuka kwa hiyo sukari yake imeshaisha, na vile vitumbua vya sukari guru navyo havina shida. Sasa juzi masaa mawili baada ya chakula cha mchana sukari ikasoma 252, nikachanganyikiwa, nyumbani Tanga asubuhi huwa 9! Hapa asubuhi inasoma 162. Jana nikamnyima chakula cha usiku nikampa rasam kikombe kimoja maana wanasema ni dawa, vidonge akameza kama kawaida, metformin na glibenclamide. Usiku wa manane akaamka anatetemeka, kalowa jasho, nikampa chai ya sukari akatulia. Mimi mwenyewe tumbo linawaka tangu siku ya pili na choo kimelegea, nahisi pilipili zao zimenichana utumbo, na nameza diclofenac za mgongo. Je tuhame tukale mkate na mayai? Na lile jani linakunjwaje, juzi mzee anayehudumu alikunjua jani la mama akalikunja upya, tuliona aibu."

Marahaba mdogo wangu, na mpe pole sana bi mkubwa. Maswali yako yote ni ya maana lakini kuna moja limenishtua niliposoma, na wewe umelipitia haraka haraka kama jambo dogo, ndo naanza nalo kabla ya idli na kabla ya jani.

Ile ya usiku wa manane haikuwa uchovu wa safari. Mtu kutetemeka, kulowa jasho, halafu chai ya sukari inamtuliza ndani ya muda mfupi, hiyo ndo sura ya sukari kushuka, na ingawa hamkupima mimi naihesabu hivyo na wewe naomba uihesabu hivyo. Tatizo liko kwenye kidonge cha pili. Metformin yenyewe kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, ni mara chache sana ikamshusha mtu ikiwa peke yake. Glibenclamide inafanya kazi tofauti kabisa, inalisukuma kongosho litoe insulini, na italisukuma umekula au hujala, halafu inakaa mwilini masaa mengi, ndo maana kwa watu wazima kama mama, na zaidi kama figo zimeanza kuchoka, madaktari wengi wanakuwa nayo makini sana. Sasa wewe umempa kidonge kinacholeta insulini, halafu tumboni ukamwekea maji ya ukwaju na viungo ambayo wanga wake hauna uzito wowote. Insulini imekuja kazini na kazi haipo. Najua ulifanya kwa uchungu wa kutaka oparesheni isiahirishwe, sikulaumu hata kidogo, ila usirudie tena.

Kwa hiyo leo, sio Alhamisi, mpigie daktari wenu au nenda pale hospitali umwelezee kilichotokea usiku, umtajie na jina la kidonge na dozi yake. Usimwachishe wala kumpunguzia mwenyewe, hiyo ni kazi yake yeye aliyeshika faili la mama. Mpaka mtakapoongea naye, mama akishameza dawa lazima ale mlo, na wanga uwemo hata kama ni kidogo. Kando ya kitanda weka sukari, kijiko na chupa ya maji. Akitetemeka tena mpime, ikisoma chini ya 70 mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia, ikishapanda mpe kitu cha kula. Kama mashine haipo karibu mpe tu, usipoteze muda kuitafuta. Na kwa sababu dawa hii inakaa muda mrefu, sukari inaweza ikapanda halafu ikazama tena baada ya masaa kadhaa, kwa hiyo usiku kama ule usilale fofofo, mpime tena. Akiwa hajitambui usimwekee kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu na upige 108, ndo namba ya gari la wagonjwa huko Tamil Nadu, jimbo lenye Chennai.

Haya, sasa tuje kwenye hiyo 252.

India wanasoma sukari kwa miligramu kwenye desilita, sisi Tanzania vipimo vingi vinasoma kwa milimoli kwenye lita, ni kama mtu anapima kitambaa kwa futi na mwingine kwa mita, kitambaa ni kilekile. Namba ya kwao ukiigawanya kwa 18 unapata ya kwetu. Chukua ile ya asubuhi, 162, gawanya kwa 18 inakuja 9. Umeona? Asubuhi mama yuko palepale alipokuwa Tanga, Chennai haijamharibu. Ile ya baada ya chakula cha mchana, 252, ni 14, hiyo kweli iko juu, maana watu wengi wenye kisukari wanaambiwa masaa mawili baada ya kula isizidi 180, yaani 10 ya kwetu, na asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 80 na 130. Hiyo 9 ya asubuhi nayo ingetakiwa ishuke lakini hilo ni la dawa na ni la muda mrefu, mtaliongea na daktari. Mimi kwa upande wa chakula namba zako zinanionyesha kitu kimoja, tatizo lenu liko kwenye mlo wa mchana, na nadhani hata najua ni wapi kwenye huo mlo.

Ila nimalizane kwanza na idli maana hiyo habari ya "imechachuka sukari imeisha" nimeisikia kwa Waswahili wengi wanaokwenda kutibiwa huko na inawaumiza. Nimekaa Tamil Nadu miaka miwili nikisoma, na mama mwenye nyumba wangu kila Jumapili alikuwa anatengeneza rojo la idli la kutosha siku tatu. Mchana analoweka mchele kwenye beseni lake na choroko nyeusi zilizomenywa kwenye beseni jingine, na punje chache za uwatu. Jioni anasaga choroko peke yake kwenye mashine ya mawe, anamwagia maji kwa kiganja kidogo kidogo mpaka inakuwa nyeupe imefura kama povu, halafu anasaga mchele, huo anauacha na chenga chenga, anavichanganya na chumvi kwa mkono wake mtupu, anafunika. Kwa joto la Chennai asubuhi unakuta rojo limepanda mpaka limesukuma mfuniko. Wanaofanya hiyo kazi ni bakteria, ndugu zao wale wanaochachusha togwa na maziwa mgando. Wanachokula ni visukari vidogo vidogo, wanatoa asidi ndo unasikia uchachu, na gesi ndo idli inakuwa laini kama sponji. Wanga wenyewe wa mchele ni minyororo mirefu sana, hawaumalizi hata walale nao siku nzima. Na idli vikombe vitatu au vinne ni mchele kwa kikombe kimoja cha choroko, kwa hiyo kimsingi unakula wali uliochangamka. Idli moja ya kawaida ina wanga gramu kama 8 mpaka 12, tatu zinakupeleka kwenye 30 na kitu hivi, hapo umeshakula slesi mbili za mkate. Tena kwa ulaini ule tumbo halipati kazi kubwa, sukari inafika kwenye damu mapema.

Hiyo haina maana idli ni mbaya. Uchachushaji unaongeza baadhi ya vitamini za jamii ya B, unapunguza vile vitu kwenye nafaka vinavyozuia madini ya chuma yasifyonzwe, na kwa kuwa inapikwa kwa mvuke haina mafuta na ni mojawapo ya vyakula salama kabisa kwa tumbo la mgeni. Mama ale mbili, na kibakuli cha sambar nzito pembeni, ule mchuzi wao wa dengu na mboga, ale ile sambar kama mboga, sio kuchovya tu. Ila asihesabu kwamba amekula kitu kisicho na sukari.

Vile vinavyofanana na vitumbua vinaitwa kuzhi paniyaram, na siwezi kumlaumu mtu wa Tanga kwa kuvipenda, hata kikaango chake kina vishimo kama chetu. Ndo chakula chao hasa watu wa Karaikudi, nchi ya Chettinad, kama kilomita 400 kusini mwa Chennai, kwao na wale wafanyabiashara Wachettiar waliokuwa wakienda Burma, Ceylon na Malaya, ndo maana kwenye vyakula vyao unakuta pilipili manga nyingi, anisi ya nyota, na kile kiungo cheusi kinachoota kwenye mawe wanachokiita kalpasi. Paniyaram zipo za aina mbili. Za chumvi zinatengenezwa kwa rojo lilelile la idli, zinatiwa vitunguu, haradali na majani ya kari, hizo mama anaweza akala tatu nne akaacha idli siku hiyo. Za tamu zinatiwa sukari guru, na hapa naomba nieleweke vizuri: sukari guru ni sukari. Ina madini kidogo ndiyo, lakini sehemu kubwa yake ni ileile sukari ya miwa, damu haijui kama ilitoka kwenye mfuko mweupe au kwenye donge la kahawia. Kwa wiki hii ambayo mnasubiri oparesheni mwambie bi mkubwa avipe likizo, akitaka sana agawane kimoja na wewe.

Sasa huo mchana.

Kaa pale mezani kesho uangalie kwa makini, usile kwanza, angalia tu. Jani linatandikwa, linanyunyiziwa maji linafutwa kwa kiganja. Inakuja chumvi kidogo pembeni, achari, halafu poriyal, hiyo mboga kavu ya maharage machanga au kabichi yenye nazi, kootu ambayo ni mboga na dengu, pengine bamia za mandi zilizopikwa na maji yaliyooshewa mchele, hiyo ni ya kwao Chettinad kabisa, na appalam, ile papadi inayovunjika. Halafu wali, rundo. Unaliwa na paruppu, yaani dengu zilizopondwa, na samli. Kabla haujaisha mzee na ndoo yake ya sambar kashafika, na wali mwingine. Halafu kuzhambu nzito ya ukwaju, na wali. Halafu rasam, na wali. Mwisho mtindi, na wali, maana kule mtu akimaliza bila wali wa mtindi anaona hajala. Yaani kila mchuzi unadai wali wake, na kwa sababu unakuja kidogo kidogo na ndoo haikomi kuzunguka, macho yako hayaoni rundo zima kwa pamoja. Wali uliopikwa gramu 100 una wanga kama gramu 28. Mtu anayefuata mtindo mzima bila kusema basi anafika gramu 400 bila kujua, hapo ni wanga gramu 112 kwa mlo mmoja. Kwa mama mwenye kisukari cha miaka 11 hiyo 252 haishangazi, ningeshangaa isingepanda.

Na yule mzee hana nia mbaya, jani la mgeni likiwa tupu kwake ni aibu, ni kama shangazi zetu wanavyokuongezea pilau huku unakataa.

Kwa hiyo msipahame, mbadilishe mpangilio tu. Akikaa, mama aanze na poriyal na kootu, azimalize kabla hajagusa wali, aombe ziongezwe, kwenye milo ile ya kula ushibe mboga zinaongezwa bure kama wali. Afuatie sambar nzito kwenye kibakuli aile kwa kijiko. Ukitanguliza mboga na jamii ya kunde tumbo linafungua mlango polepole, wanga unaokuja nyuma unaingia kwenye damu kwa foleni badala ya kuingia kwa mkupuo, hii imepimwa kwa watu wenye kisukari na inasaidia kweli. Halafu wali uje mara moja tu, kama kikombe kimoja, augawe jani hapohapo mafungu matatu madogo, moja la sambar, moja la rasam, moja la mtindi. Hajakosa kitu, kaonja mlo wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho kama wenyewe. Mzee akirudi na ndoo ya wali, aweke kiganja juu ya jani aseme "podhum", yaani inatosha, akisema kwa tabasamu hawakasiriki. "Konjam" ni kidogo. Na kahawa yao ile ya kwenye kikombe cha chuma mara nyingi inakuja sukari imeshatiwa, aseme mapema "sarkarai vendaam", sukari sitaki. Ila sikushauri uukate wali wote kwa mara moja, kumbuka kidonge kile kipo, kutoka marundo manne kwenda sifuri ndo mtarudi kulekule kwa jana usiku.

Kuhusu sambar nataka mama ajue kitu, huenda kitamfurahisha. Dengu iliyomo mle ni mbaazi, mbaazi hizihizi zetu zilizomenywa na kupasuliwa. India inakula mbaazi kuliko inazovuna na Tanzania ni mmoja wa wanaowauzia, wakulima wetu wanaikumbuka 2017 serikali ya India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi bei huku ikaporomoka vibaya. Kwa hiyo akiona sambar imekaa nyepesi kama maji aombe ya chini ya ndoo, ndo penye mbaazi, na ndo penye protini ya kumshibisha kwenye mlo usio na nyama.

Usiku ndo panahitaji akili zaidi, sababu ndo mlo ambao wewe ulitaka kuuondoa. Muulizie adai, ni kama chapati nene ya maji iliyosagwa kwa mchele na dengu za aina mbili tatu, dengu ni nyingi mle kuliko kwenye dosa ya kawaida, ile chapati nyembamba ya rojo la mchele na choroko, moja na mboga inatosha kabisa. Wakiwepo watu wa Andhra jirani wana pesarattu, hiyo ni choroko za kijani zilizosagwa zikakaangwa kama dosa, nzuri sana kwake. Jioni akisikia njaa mtafutie sundal, mbegu za dengu zilizochemshwa zikarushiwa haradali, majani ya kari na nazi, pale ufukweni Marina wanauza jioni kwenye karatasi, ila nunua za moto. Parotta msiguse kwa sasa, ni unga mweupe na mafuta tupu.

Sasa mkate na mayai. Nikuambie ukweli, kwa namba peke yake mayai mawili na slesi mbili asubuhi yatakupa sukari tulivu pengine kuliko idli, protini ni nyingi na unajua umekula nini. Kama loji yenu ina jiko na mama mwenyewe ameridhia, fanyeni hivyo asubuhi, sina ubishi. Ila mkate mtupu na chai siku tano mfululizo kwa mtu aliye ugenini, anayeona kwa shida, anayeogopa oparesheni, halafu umemtoa mahali pekee anapokaa akacheka na watu, hapo unashusha namba lakini na hamu ya kula unaishusha, na mgonjwa akianza kususa chakula huku anameza dawa ndo mambo yanakuwa magumu zaidi. Mimi ningechanganya, asubuhi mayai siku moja na idli mbili siku nyingine, mchana mess kwa mpangilio huo, usiku adai. Achari na appalam zina chumvi nyingi mno, kama ana presha aziache. Na kama kwenye ripoti zake waliwahi kuandika figo zina shida niambie, maana hapo hata mbaazi, nyanya na madafu ya barabarani inabidi tuyapange upya kwa ajili ya potasiamu, ushauri wangu wa juu unabadilika.

Rasam sio dawa ya kisukari. Ni mchuzi mwepesi wa ukwaju, nyanya, pilipili manga, jira, kitunguu saumu na mvuje, ukiwa na mafua inafungua pua, ukiwa umepoteza hamu inarudisha hamu, mimi naipenda kuliko hata sambar. Ni kinywaji cha kusindikiza chakula, hakiwezi kukaa mahali pa chakula, basi.

Na wewe mwenyewe. Pilipili haijakuchana utumbo. Ule mwako ni kemikali ya pilipili inayogusa vihisi vilevile vya mwilini vinavyotambua joto la moto, ubongo unadanganywa kwamba umeungua wakati hakuna kilichoungua, na vihisi hivyo vipo mdomoni mpaka mwisho kabisa wa njia, ndo maana unasikia mara mbili. Kemikali hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji, unaweza kunywa lita nzima ukabaki unawaka, protini ya maziwa ndo inayoiondoa, na ule wali wa mtindi wa mwisho unasaidia hapo. Chakula kikali kinaweza kuamsha kiungulia kwa mwenye nacho na kinaharakisha utumbo, lakini vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa vinaletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, waliomgundua, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Nobel 2005, na vinaletwa na dawa za maumivu. Diclofenac ni mojawapo. Inapunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo, ukiimeza tumbo tupu asubuhi halafu ukashushia kahawa na achari, mimi namshuku yeye kabla ya mpishi. Isimamishe, mgongo tumia paracetamol kwa kufuata maelezo ya pakiti, na ukishindwa kabisa muone daktari akupe mbadala.

Choo kulegea siku ya pili ya safari mara nyingi ni vijidudu vigeni, na vinapitia kwenye maji na vitu vibichi, sio kwenye sambar inayotokota. Kunyweni maji ya chupa iliyofungwa. Chatini ya nazi mbichi ileni asubuhi tu ikiwa imetoka kusagwa, ikifika mchana kwenye joto lile imeshaanza kugeuka. Mtindi uliokorogwa na maji pale wasipokuambia ni maji gani, acha. Nunua duka la dawa pakiti za maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji, kunywa wewe, sio mama.

Usisubiri kunijibu mimi ukiona haya: choo cheusi kama lami au chenye damu, kutapika damu, homa, au kuharisha kupita siku tatu, nenda hospitali. Kwa mama, sukari ikisoma zaidi ya 300 na haishuki, au anatapika, anapumua kwa kasi, amechanganyikiwa, ni dharura saa hiyohiyo, na ghafla akiona kama pazia au masizi yanaelea jichoni ni dharura pia, apelekwe kwa watu wa macho hata usiku. Kutembea taratibu dakika 10 baada ya kula kunasaidia sana sukari, ila kwa retina yake muulize daktari wa macho kwanza anaruhusu kiasi gani.

Jani sasa, na msione aibu kabisa. Ukimaliza unashika ile nusu ya mbali na wewe unaileta kwako, mkunjo unaelekea tumboni, maana yake nimeshiba na nitarudi. Kukunja kwenda mbele kwenye nyumba nyingi za Kitamil kunahusishwa na chakula cha msibani. Nadhani mama alikunja hivyo, na yule mzee anajua ni mgonjwa anayesubiri oparesheni, hakutaka aondoke pale na ishara ile, akaigeuza kwa mikono yake mwenyewe. Kesho mama akikunja kuelekea kwake amwangalie mzee usoni, ataona.

Andika namba kwenye kidaftari, asubuhi kabla ya kula, masaa mawili tangu tonge la kwanza la mchana, na kabla ya kulala, pembeni andika alikula nini na saa ngapi alimeza kipi. Hicho kidaftari ndo mtakibeba Alhamisi. Na hiyo simu ya daktari kuhusu glibenclamide piga sasa hivi ukimaliza kusoma, halafu kesho baada ya mlo wa mchana nitumie alivyosoma.